Nimechoka kuwa macho ya mume wangu

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta. Mume wangu haoni. Nikisema hivyo najiona kama natia chumvi, maana bado anatofautisha mchana na usiku, na ukisimama dirishani anajua kuna mtu. Lakini kusoma hawezi, na sura yangu hajaiona mwaka wa pili huu. Daktari alisema ni presha ya macho, glakoma, na kwamba tulichelewa kufika. Ana miaka 47.

Kazi yake ni karani wa stoo, mtu wa majedwali na hesabu za mizigo. Alipoanza kukosea tarakimu alificha, akawa anarudi na makaratasi nyumbani nimsomee usiku. Mwishowe akaomba likizo isiyo na malipo. Huu ni mwezi wa nane yuko nyumbani, na mkuu wake ameanza kuniuliza mimi kama anarudi au harudi.

Shangazi, kila kitu nafanya mimi. Namtolea nguo, namfunga vifungo, namwekea maji ya kuoga, namkatia chakula, namsomea meseji na kuzijibu. Simu yake siku hizi ni kama yangu. Nikienda kazini namwacha kwenye kiti chake, nikirudi namkuta pale pale. Na shukrani hana. Wiki iliyopita nilipanga upya sebule ili apate nafasi ya kupita, akajigonga ugoko kwenye meza ndogo, akanifokea mbele ya watoto mpaka yule mdogo akalia. Nilimnunulia fimbo nyeupe, hakuigusa. Aliniambia, "Unataka majirani wajue umeolewa na kipofu?" Fimbo iko nyuma ya mlango, na karatasi yake haijatolewa.

Usiku halali. Anasikiliza video anazotumiwa na kaka yake: mara chipu ya kuwekwa jichoni, mara mtu kapandikizwa jicho zima, mara sindano za seli shina. Kuna kliniki moja ya ng'ambo tumeshaongea nayo. Wanasema watamrudishia "sehemu kubwa" ya uoni, na wanataka amana kabla ya mwisho wa mwezi. Tuna kiwanja, ndicho tulichowawekea watoto. Yeye anasema tukiuze.

La mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwezi uliopita aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa watoto ni wa nani?" Hapakuwa na mtoto. Akasema anaona watoto wadogo wadogo, wamevaa kofia, wamejipanga kando ya kabati, kimya. Nikamwambia hakuna mtu. Akajibu, "Najua hakuna." Hajalitaja tena, ila namwona anageuza kichwa kuelekea kabatini. Sijamwambia mtu. Naogopa akili inamruka.

Tuuze kiwanja? Na nitambeba hivi mpaka lini? Nampenda, Shangazi, lakini kuna siku natamani nirudi nikute kile kiti ni kitupu, halafu najichukia.

Mama wa wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na wale watoto wa kabatini, maana ndio wanaokutisha kuliko yote, na ndio wepesi kuliko yote.

Mumeo hajarukwa na akili. Mwaka 1760 mwanasayansi wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, mzee wa karibu miaka 90 aliyekuwa na mtoto wa jicho. Mzee yule alikuwa akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo, na akijua fika kwamba hayapo. Hali hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina la mjukuu. Ubongo uliozoea kuletewa picha kutwa kucha, ukinyimwa, hujichorea zake. Watu wadogo wenye mavazi ya ajabu ni katika picha zinazosimuliwa sana, pamoja na maua, nyavu na kuta. Mimi zamu yangu ilikuwa ukuta wa matofali. Kila jioni, miezi kadhaa, matofali yamenyooka kuliko ya fundi yeyote niliyewahi kumlipa. Sikumwambia mtu, kwa hofu hiyo hiyo uliyo nayo.

Angalia mambo mawili. Watoto wale hawasemi, na mumeo mwenyewe anajua hawapo. Hapo hakuna wazimu. Siku akisema wanamwongelesha, au akishikilia kwamba wapo kweli, au vioja vimeanza mara tu baada ya kuanzishiwa dawa mpya, usisubiri, mpeleke. Hata bila hayo, daktari wa macho aambiwe katika miadi ijayo. Wakati mwingine picha hizo hukimbia mtu akipepesa kope, akipeleka macho kulia na kushoto mara kadhaa, au taa ikiwashwa. Kwa wengi hupungua zenyewe kadiri muda unavyokwenda. Lakini usiku wa leo fanya jambo dogo tu. Mwambie umesikia kwamba watu wengi waliopoteza uoni wanaona hivyo, kisha muulize zile kofia ni za rangi gani. Amekaa na watoto wale peke yake mwezi mzima.

Sasa kiwanja. Usiuze.

Najua nimejibu haraka, basi ngoja nieleze, maana yeye atataka sababu na ana haki ya kuipata. Jicho linapokea mwanga, lakini anayeona ni ubongo. Kati yao kuna mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni 1, na ndiyo njia pekee ya habari kutoka jichoni. Glakoma inaua nyuzi hizo, na zikifa hazioti tena. Kwa hiyo kila muujiza unaoletwa kwenye ile simu usiku, ulizeni swali moja: je, huu unahitaji mshipa uliosalimika?

Ile chipu ni ya kweli. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalihusu kipande cha milimita 2 kwa 2 kinachowekwa chini ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, na kupokea picha kutoka kwenye miwani yenye kamera, na wazee ambao kitovu cha retina yao kilikuwa kimekufa waliweza tena kusoma herufi. Nilifurahi kusikia, sitaki kuwa mchawi wa habari njema. Lakini wazee wale ugonjwa wao ulikuwa wa retina, mshipa wao ulikuwa mzima, na chipu ile inapeleka habari kwa kupitia mshipa huo huo. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, Luxturna, inawahusu wenye kasoro katika jeni moja tu, RPE65, nayo pia ni ya retina. Jicho zima nalo limepandikizwa kweli, New York, Mei 2023, kwa mara ya kwanza duniani. Jicho likakubali mwilini, damu ikafika kwenye retina. Mwenye jicho hakuona, kwa sababu ya mshipa ule ule.

Na hata kwa wale ambao kifaa kinawafaa, kitu kikishaingia mwilini mwako umefunga ndoa na kampuni. Jicho la bandia lililoitwa Argus II liliruhusiwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013, likapandikizwa kwa watu wapatao 350. Baada ya miaka michache kampuni ikaacha kulitengeneza, na watu wakabaki na mtambo jichoni usio na fundi.

Kuhusu sindano za seli shina nitasema kwa ukali. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake 3 waliochomwa sindano za seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe, macho yote mawili kwa mkupuo mmoja, katika kliniki ya kulipia huko Florida. Walikwenda wakiwa bado wanaona, wakarudi wakiwa vipofu au karibu na hapo. Mtu anayekuahidi kurudisha uoni uliochukuliwa na glakoma, na anayetaka amana kabla ya mwisho wa mwezi, anachokitazama ni kiwanja chako.

Kinachookolewa na dawa ni kile kilichobaki. Huko kujua mchana na usiku, kumwona mtu dirishani, ni mali. Matone ya macho yaendelee kila siku kwa saa yake, hata kama yeye anayaona hayana faida. Na glakoma hupita katika damu ya familia, tena mara nyingi huja kimya, bila maumivu, ikila pembeni kwanza. Huyo kaka mtu badala ya kutuma video aende akapimwe macho yake. Wanao pia, mwambieni daktari baba yao anaumwa nini, awapangie lini waanze kupimwa.

Haya, sasa tuje kwako, na hapa usinichukie.

Mimi nilipoteza uoni nikiwa na miaka 31, kwa ugonjwa huo huo. Dada yangu akahamia kwangu. Alikuwa na moyo kama wako. Miezi 14 sikushika jagi. Siku moja akakwama safarini, nami nikakaa na kiu tangu adhuhuri mpaka saa mbili usiku, jagi la maji likiwa hatua tatu kutoka kitini. Nilijua liko pale, nilisikia likiwekwa asubuhi. Sikuwa naogopa kuanguka. Nilikuwa nimesahau kwamba kusimama ni kazi yangu.

Unaniuliza utambeba mpaka lini. Mwanangu, nani kakwambia hawezi kufunga vifungo? Vifungo hata wewe unafunga bila kuvitazama. Kukata chakula, kuoga, kuchagua shati, yote hayo vidole vinajifunza, na vinajifunza upesi kuliko unavyodhani, mradi pasiwepo mtu wa kuvipokonya. Nguo zinazoendana zitundikwe pamoja, au zitiwe alama ya uzi upande wa ndani, ajue kwa kupapasa. Maji anamimina akiwa amekunja ncha ya kidole kwenye ukingo wa glasi; yakigusa kidole, anaacha. Sikio nalo linasaidia, kwa sababu glasi ikikaribia kujaa mlio hupanda, kutoka mzito kwenda mwembamba. Kwa maji ya moto kuna kidude cha betri kinachoning'inizwa ukingoni, kinalia maji yakikifikia. Atamwaga. Mwache amwage, na tambara mwache ashike yeye.

Ile meza, samahani, kosa lilikuwa lako. Asiyeona anaishi ndani ya ramani aliyoichora kichwani kwa magoti na viganja. Ukisogeza meza umeichana ramani. Kumfokea mkeo mbele ya watoto ni kosa lake, na hilo mwambie, tena likizungumzwa mbele ya watoto hao hao itakuwa vizuri zaidi. Lakini sebule hiyo ipangwe na yeye, halafu asiisogeze mtu. Milango nayo iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Mlango uliofunguliwa nusu ndio unaotupasua vipaji vya nyuso.

Kitu kikiwa mezani usimwambie "kiko pale". Pale ni wapi? Tunatumia saa: sahani ni uso wa saa, unamwambia kitu kiko saa ngapi. Ila kubalianeni kwanza, maana saa zetu sisi Waswahili zina vituko vyake. Saa tatu yetu mshale mfupi uko kushoto, na saa tisa uko kulia. Nyumbani kwetu tuligombana wiki nzima, mmoja anafuata namba iliyoandikwa na mwingine anafuata jina la saa, mpaka siku nilipotia mkono kwenye mchuzi.

Halafu kuna simu. Sentensi yako iliyonichoma ni ile ya "simu yake siku hizi ni kama yangu". Mwanamume wa miaka 47 hana meseji hata moja ambayo mkewe hajaisoma kwanza. Mrudishie leo. Simu hiyo hiyo aliyo nayo, bila kununua chochote, inaweza kuongea. Kama ni ya Android, kwenye mipangilio, upande wa ufikivu (Accessibility), kuna TalkBack. Kama ni iPhone, inaitwa VoiceOver. Zote mbili zimekuwepo tangu mwaka 2009, ni vile tu wenye macho hawana sababu ya kufika kwenye kurasa hizo. Ikishawashwa, simu inabadilika tabia: kidole kikipita juu ya kitu kinatajwa, na ili kukifungua unagonga mara mbili mahali popote. Ukipangusa kidole kwenda kulia unasogea kwenye kitu kinachofuata, kushoto unarudi nyuma.

Siku tatu za mwanzo ni za kutukana. Nakuambia mapema ili usije ukaizima kwa kumhurumia. Mkabidhi kwa yule mtoto mkubwa, wakae wawili, wewe toka nje kabisa. Sauti waiweke polepole, na kila wiki wapandishe kasi kidogo. Mimi sasa nasikiliza kwa kasi ambayo wageni wangu husikia kama mafuta yanayokaangiza, na barua yako niliisoma hivyo, mara mbili, ukiacha pale pa kiti ambapo nilirudi mara ya tatu polepole. Kiswahili kinasomeka. Google wana sauti yake, na iko nyingine, eSpeak NG, inayosema kama roboti mwenye mafua lakini haichoki.

Kwa kompyuta, na hapa ndipo kazi yake ilipo, kuna NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote hawaoni, waliochoshwa na programu za kusoma skrini zilizouzwa ghali kuliko kompyuta yenyewe. Hii ni ya bure. Kwenye jedwali, anasogea kwa mishale ya kibodi, nayo inamtajia anwani ya kisanduku na kilichomo. Karani wa stoo ambaye safu na mistari ya jedwali lake iko kichwani ana nafuu kubwa. Mimi nilianza bila hata kujua kibodi.

Kwa hiyo mkuu wake asijibiwe na wewe. Mumeo ampigie mwenyewe, aseme ukweli kwamba hatarudisha uoni, na aombe muda wa kujifunza na nafasi ya kujaribu. Kabla ya kurudi, programu ya stoo ijaribiwe pamoja na kisoma skrini, kwa sababu nyingine zimetengenezwa vibaya, vitufe havina majina na unachosikia ni "kitufe, kitufe, kitufe". Hilo mara nyingi hutengenezeka, ila ligundulike mapema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unataka mwajiri afanye marekebisho yasiyomwelemea ili mtu abaki kazini, na nchi zilizouridhia ni nyingi. Sisemi aanze kwa kutishia. Ila asiandike barua ya kuacha kazi. Likizo bila malipo ni mlango uliorudishwa tu, barua ya kuacha kazi ni kufuli.

Bado kuna makaratasi, lebo, rangi, ile barua iliyopenyezwa chini ya mlango. Kwa hayo, programu ziko. Be My Eyes ilianzishwa na mtu wa Denmark, Hans Jørgen Wiberg, ambaye mwenyewe macho yake ni dhaifu, na ilifunguliwa mwaka 2015. Unapiga simu ya video, anapokea mtu wa kujitolea usiyemjua, unamwonyesha unachotaka kisomwe. Tangu mwaka 2023 unaweza pia kupiga picha ukaelezwa na akili mnemba. Seeing AI ya Microsoft, ya mwaka 2017, inasoma maandishi papo hapo kamera ikielekezwa, na aliyeongoza kuitengeneza, Saqib Shaikh, ni mhandisi asiyeona.

Nazitumia zote, na bado siziamini kwa kila jambo. Akili mnemba ikiwa haijaona vizuri haisemi "sijaona", inatunga, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Iliwahi kunielezea picha ya mpwa wangu amebeba paka; alikuwa amebeba mkoba wa manyoya. Hapo tulicheka. Lakini kipimo cha dawa na kuvuka barabara usiikabidhi. Matone ya macho yatofautishwe kwa mkono: moja lifungwe mpira shingoni, jingine libaki tupu. Utaratibu huo haukosei na hauishiwi chaji.

Sasa fimbo, na lile neno lake kuhusu majirani.

Fimbo ya kutembelea ilipakwa rangi nyeupe makusudi ili ionekane. Inasimuliwa kwamba mwaka 1921 mpiga picha wa Bristol, Uingereza, James Biggs, alipopoteza uoni na kuogopa magari karibu na nyumbani kwake, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe madereva waione. Mumeo anaogopa kuonekana, na nia yenyewe ndiyo hiyo. Majirani nao wanajua siku nyingi. Wamemwona akipapasa ukuta, wamemwona akiwapita bila salamu, na huenda wapo wanaodhani ni mlevi au ameanza kiburi. Kati ya fimbo na sifa hizo, achague.

Ila usimlazimishe, na usimfundishe wewe. Tafuta mwalimu wa kutembea kwa fimbo. Vyama vya wasioona huwa vinajua walipo. Mbinu yenyewe ilinyooshwa kwa askari wa Marekani waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia, na ukiitazama ni kama ngoma: mguu wa kulia ukienda mbele, ncha ya fimbo iko kushoto, inakagua mahali mguu wa kushoto utakapotua. Urefu wake ufike karibu na mfupa wa kifua akisimama wima. Ile iliyo nyuma ya mlango, ipimeni, usishangae ikiwa fupi. Wanaotununulia fimbo hudhani ni mkongojo. Wakati mwalimu hajapatikana, mkitoka pamoja usimsukume kwa mgongo wala usimvute kiganja. Yeye akushike juu ya kiwiko, nyuma yako nusu hatua. Ukipanda ngazi mkono wako unapanda, naye anajua kabla hujafungua mdomo.

Yote haya hatayapokea kwa wiki moja. Amefiwa, mwanangu, na aliyekufa ni sehemu yake mwenyewe. Hizo video za usiku ni kilio. Akiendelea kukosa usingizi, kukataa kula, au kusema maneno ya kukata tamaa na maisha, hilo nalo ni la daktari, tena haraka. Na umtafutie mtu mmoja asiyeona mwenye kazi na familia, wazungumze bila wewe kuwepo. Maneno yangu haya yote, akiambiwa na mtu huyo kwa dakika kumi, yatamwingia kuliko akisomewa na mkewe.

Na usijichukie kwa ajili ya kile kiti. Hata mimi nakitamani kiwe kitupu, siku utakayorudi na kumkuta ametoka. Umechoka kwa kufanya kazi ya watu wawili miaka miwili, mmoja wao akiwa amekaa. Jumamosi hii toka saa tatu, za asubuhi wala si za sahani, uende unakotaka. Usiache chakula kimekatwa. Usipige simu kuuliza kama amekula.

Ile kliniki inangoja jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mkishazungumza na kukubaliana, meseji ya kuwaambia kwamba hamtumi amana usiiandike wewe. Mpe simu yake, aiandike mwenyewe, hata ikimchukua saa nzima.

Shangazi yako